Maswali ya Wasomaji: Wanyama Wanaoishi kwa Makombo Chini ya Barafu

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi iliyosema kwamba ndani ya tope lililo chini ya Bahari ya Aktiki, yaani bahari ya Ncha ya Kaskazini, kwenye kina cha mita 4,000 na zaidi, kuna wanyama wadogo wasioonekana kwa macho matupu. Barua zilizotufikia baada ya hapo ni nyingi, na kwa kuwa zote zinagusa jambo hilo hilo, tumeamua kuzijibu pamoja.

Msomaji wa Tanga anauliza: Mimi ni mvuvi, na ninavyojua samaki hufuata chakula. Huko mlikokuandika hakuna jua, juu kumefunikwa barafu, na maji ni ya baridi kali. Wanyama hao wanakula nini? Na kwa nini wote ni wadogo namna hiyo?

Ndugu msomaji, umeuliza maswali mawili, lakini utaona kwamba yanajibiwa kwa pamoja, kwa sababu udogo wa wanyama hawa na uhaba wa chakula chao ni mambo yanayokwenda pamoja.

Tuanze na wanyama wenyewe. Wataalamu huwapanga wakazi wa tope la baharini kwa kutumia chekeche. Tope huoshwa kwa maji juu ya chekeche lenye matundu ya milimita moja, na wanaobaki juu, kama vile kombe, kaa wadogo na minyoo mikubwa, huhesabiwa kundi moja. Wanaopita huoshwa tena juu ya chekeche jingine, ambalo kwa tope la bahari kuu matundu yake huwa ya maikromita 32, yaani chini ya nusu ya unene wa unywele wa binadamu. Wanaonaswa hapo ndio wanaoitwa meiofauna au meiobenthosi. Jina hilo la pili lilianzishwa mwaka 1942 na mwanabiolojia Mwingereza Molly Mare, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilicho kidogo zaidi.

Kati ya kila kumi wa kundi hili wanaotolewa katika bahari kuu, tisa au zaidi ni nematodi, yaani minyoo-duara. Wao ni jamaa wa mchango na safura wanaoishi matumboni mwetu, na wa minyoo inayoshambulia mizizi ya migomba, lakini hawa wa tope la baharini wanajitegemea na hawamdhuru mtu. Wanaowafuata kwa wingi ni kopepodi wa jamii ya haripaktikoidi, ambao ni ndugu wadogo wa kamba na kaa, na majike yao hubeba mayai kama afanyavyo kamba. Kisha wapo wachache wa aina za ajabu: kinorinki, ambao huchomoa na kuingiza kichwa chenye miiba ili kujivuta ndani ya tope; tadigradi wenye miguu minane; na lorisifera, walioishi duniani muda wote huo bila kujulikana hadi mtaalamu wa Denmark, Reinhardt Kristensen, alipowaelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1983.

Sasa chakula. Wewe mvuvi unajua kwamba mwisho wa yote chakula cha bahari hutokana na jua, kwa kuwa mwani mdogo unaoelea hukua kwa mwanga, wanyama wadogo huula mwani huo, na wakubwa huwala wadogo. Katika Aktiki ya kati mwani huo una shida tatu. Jua halichomozi kabisa kwa miezi kadhaa ya mwaka. Linapochomoza, barafu na theluji iliyo juu yake huzuia sehemu kubwa ya mwanga. Na rutuba ya maji ya juu ni kidogo. Kwa hiyo hata uso wa bahari ni maskini. Kile kidogo kinachoota huliwa kwanza na wakazi wa maji ya juu, na masalio yake, yaani mwani uliokufa, vinyesi vya planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini) na magamba, hugandana kuwa vijibonge vinavyozama polepole. Njiani bakteria na wanyama wengine huendelea kuvinyofoa. Mpaka vifike mita 4,000, kinachobaki ni takriban sehemu moja kwa mia ya kilichoota juu, wakati mwingine kidogo zaidi ya hapo, wakati mwingine pungufu. Haya ni makombo ya makombo, na yanafika yakiwa yamechakaa.

Ili uone maana ya uhaba huo, nakuomba ulinganishe na tope unalolijua. Ukishuka mikokoni maji yakiwa yamekupwa na kuchimba kwa kidole, chini ya ngozi nyembamba ya juu utakuta tope jeusi lenye harufu ya yai lililooza. Weusi na harufu hiyo ni dalili ya shibe: majani na vitu vingine vinavyooza ni vingi mno kiasi kwamba bakteria wamemaliza oksijeni milimita chache tu chini ya uso. Tope la Aktiki ya kati ni la kahawia na halinuki. Oksijeni hupenya humo sentimita nyingi kwenda chini, kwa sababu hakuna kitu cha kutosha cha kuozesha. Tena tope lenyewe hujijenga kwa mwendo wa sentimita moja hivi, au chache, katika miaka elfu. Zile sentimita tano za juu wanamoishi karibu wanyama wote ninaowazungumzia zinaweza kuwa zimechukua maelfu ya miaka kukusanyika.

Hesabu ya wakazi inafuata mkondo huo huo. Katika Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, mtafiti Sandra Vanhove wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, pamoja na wenzake, walihesabu meiofauna chini ya aina tano za mikoko na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Walipata takriban wanyama 2,000 hadi karibu 6,700 katika kila eneo la sentimita 10 za mraba, wengi zaidi wakiwa chini ya miti ya muia, ambayo baadhi ya watu wa Tanzania huiita msinzi. Hiyo ni sawa na mamilioni mawili hadi sita na ushei kwa mita moja ya mraba. Katika mabonde ya Aktiki ya kati hesabu hushuka hadi makumi ya maelfu au laki chache kwa mita ya mraba. Ni wachache mno ukilinganisha na Gazi, na bado ni wengi ajabu ukikumbuka wanacholishwa. Inanipendeza kutaja kwamba Vanhove huyo huyo baada ya Gazi alikwenda kuchunguza meiofauna ya Bahari ya Weddell, huko Antaktika. Kwa hiyo tope la mikoko yetu na tope la nchani limepita chini ya macho yale yale.

Nirudi kwenye udogo. Mwaka 1975 mtaalamu wa Ujerumani, Hjalmar Thiel, alieleza kwamba kadiri kina kinavyoongezeka na chakula kinavyopungua, ndivyo wanyama wadogo wanavyochukua nafasi kubwa zaidi katika maisha ya sakafu ya bahari, na wakubwa wanavyofifia. Sababu yake wewe unaweza kuieleza vizuri kuliko mimi. Meli kubwa haiwezi kulipia mafuta yake mahali ambapo ngalawa yenye tanga inarudi na kitoweo. Mnyama mkubwa anahitaji chakula kingi ili akue hadi kuzaa, na kwa kuwa makombo yametawanyika, anatumia nguvu nyingi kuyatafuta. Nematodi mwenye urefu wa nusu milimita anaweza kukua, kupevuka na kutaga mayai kwa chakula ambacho kaa asingetambua hata kwamba kipo. Hana mishipa ya damu wala mapafu, maana mwili wake ni mwembamba kiasi kwamba oksijeni hupenya kupitia ngozi. Hana watoto wa kuelea wanaopotea majini. Mayai yake hubaki kwenye tope, na kizazi kipya huanza maisha pale pale walipo wazazi. Baridi nayo inamsaidia, kwa kuwa mwili wa mnyama wa namna hii hutumia nishati kidogo kadiri maji yanavyokuwa ya baridi.

Na hasa wanakula nini? Mwaka 1953 mtaalamu wa nematodi, Wieser, alionyesha kwamba kinywa cha mnyoo humweleza mchunguzi jinsi mnyoo huo unavyokula. Wapo wenye kinywa kidogo mno kisicho na meno, wanaofyonza chembe moja moja. Mfano wao ni jamii iitwayo Halalaimus, wembamba kama uzi, ambao ni wa kawaida katika bahari kuu. Wapo wenye kinywa kipana wanaomeza tope lolote linalopita. Wapo wenye meno madogo ya kukwangua au kutoboa, na wapo wenye meno ya kuwinda. Katika tope maskini la nchani wale wa vinywa vidogo na wamezaji wa chembe ndio wengi, na wawindaji ni wachache. Chembe wanazozitafuta kwa sehemu kubwa ni bakteria, ambao hata katika tope hilo huwa mamia ya mamilioni katika sentimita moja ya ujazo. Mwaka 2010 watafiti wa Ghent walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa tope la Aktiki na la Antaktika, ambamo waliwapa nematodi bakteria na mwani uliotiwa alama ya kaboni nzito ili waone ni kipi kitaingia miilini mwao. Nematodi walichukua bakteria zaidi kuliko mwani, na hata hao bakteria waliwachukua kwa kiasi kidogo na kwa polepole. Hawakuvamia chakula kama wanyama wenye njaa tunaowajua sisi.

Huenda ukasema kwamba labda kinachowadhoofisha ni kina chenyewe wala si njaa. Jibu zuri linatoka katika shimo la Molloy, lililo katika Mlango wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard. Shimo hilo lina kina cha zaidi ya mita 5,500, na ndilo sehemu ya chini kuliko zote katika Bahari ya Aktiki. Kama kina peke yake ndicho kingeamua, hapo pangekuwa patupu kuliko pote. Watafiti walipochota tope la chini ya shimo walikuta meiofauna kwa wingi wasioutarajia, kwa sababu kuta za shimo hukusanya makombo yanayoteremka kutoka pande zote na kuyapeleka katikati, kama bakuli linavyokusanya mchuzi. Palipo na chakula wapo, hata pawe chini namna gani.

Msomaji wa Zanzibar anauliza: Uzito wa maji ya kina hicho hauwapondi?

Kila mita kumi za maji huongeza mgandamizo unaokaribia kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye mita 4,000 mgandamizo unafika kilo 400 hivi, sawa na magunia manne ya kilo mia yaliyowekwa juu ya ukucha wa kidole gumba. Kinachopondwa na mgandamizo ni nafasi yenye hewa, kama mapafu yetu au kibofu cha hewa cha samaki unayemvuta juu kwa haraka. Nematodi hana nafasi hiyo hata moja. Ndani yake ni majimaji, na majimaji hayakubali kubanwa kwa urahisi. Mgandamizo wa ndani unalingana na wa nje. Kazi iliyobaki ni ya ndani kabisa, kwa sababu mafuta yanayojenga kuta za seli za wanyama wa kina hulazimika kuwa ya namna isiyoganda kwa baridi na mgandamizo.

Kuhusu baridi, maji ya chini katika upande wa Ulaya na Asia wa Aktiki huwa na nyuzi takriban 0.8 chini ya sifuri. Hayagandi kwa sababu ya chumvi, inayoshusha kiwango cha kuganda hadi karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri.

Mwalimu wa sayansi, Morogoro, anauliza: Wanafunzi wangu wamesoma kwamba tadigradi, au dubu-maji, hawezi kufa. Je, ndiyo maana anaishi huko?

Hapana, mwalimu, na ni vema wanafunzi wakaelewa tofauti. Tadigradi maarufu kwa kuvumilia ukavu ni hasa wale wa nchi kavu, wanaoishi kwenye kuvumwani na kwenye vigoga vya miti, mahali panapolowa na kukauka. Maji yanapokwisha hujikunja, husimamisha karibu shughuli zote za mwili, na huamka mvua ikirudi. Wale wa bahari kuu, kama jamii iitwayo Coronarctus, wanaishi mahali ambapo maji hayajawahi kukauka, na baridi, chumvi na giza havibadiliki. Wanadumu huko kwa sababu miili yao midogo inatosheka na kidogo. Na wanakufa kama mnyama mwingine yeyote.

Msomaji wa Mombasa anauliza: Watu walijuaje haya yote, na huko juu kumejaa barafu?

Swali hili nimelipenda, kwa maana historia yake ni ya watu waliokubali kusahihishwa na tope. Katika miaka ya 1840 mwanasayansi Edward Forbes, baada ya kuchota sakafu ya Bahari ya Aegean na kuona viumbe wakipungua kadiri alivyoshuka, alikisia kwamba chini ya pima 300 hivi hakuna uhai. Dhana hiyo ilitawala kwa miaka mingi hadi ilipovunjwa na safari za baadaye, hasa ile ya meli Challenger kati ya 1872 na 1876.

Aktiki ya kati ilibaki gizani hata baada ya hapo. Fridtjof Nansen wa Norwe alipoiacha kwa makusudi meli yake, Fram, inaswe na barafu mwaka 1893 ili ibebwe na mkondo, alidhani atapita juu ya bahari ya kina kifupi, na kamba ya kupimia aliyoibeba ilikuwa fupi. Kamba haikufika chini. Ikabidi mabaharia wake wafumue waya wa chuma wa melini na kuusuka upya uwe kamba ndefu ya kupimia, na ndipo wakapata kina cha zaidi ya mita 3,000. Mlango wa Fram niliokwisha kuutaja umepewa jina la meli hiyo.

Siku hizi kazi hufanywa na meli zinazovunja barafu, mojawapo ikiwa Polarstern ya Ujerumani, iliyoanza kazi mwaka 1982. Meli hutafuta mwanya kati ya barafu, kisha huteremsha kwa waya chombo chenye miguu kama ya kigoda, kilichofungwa mirija ya plastiki inayoonyesha ndani. Kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, kushuka mita 4,000 huchukua zaidi ya saa moja, na kupanda vivyo hivyo. Chombo kikitua, mirija hushuka taratibu na kuingia katika tope bila kulivuruga. Utaratibu huo una maana kubwa, kwa kuwa zana za zamani zilizojibwaga chini ziliupeperusha uso laini wa tope kabla ya kuufunga, na ule uso ndio wenye wakazi wengi. Mirija ikifika juu, tope hukatwa vipande vya sentimita moja moja, huhifadhiwa kwa formalini, hutiwa rangi nyekundu ili wanyama waonekane, kisha huoshwa kwa yale machekeche na kuhesabiwa mmoja mmoja chini ya hadubini. Mhesabuji hukaa na bomba moja la tope kwa siku nyingi. Kila tarakimu uliyoisoma hapo juu imelipiwa kwa macho ya mtu.

Mahali palipofuatiliwa kwa uvumilivu kuliko pengine ni kituo kiitwacho HAUSGARTEN katika Mlango wa Fram, kilichoanzishwa na Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani mwaka 1999. Karibu kila kiangazi watafiti hurudi kwenye vituo vile vile, kuanzia mita 250 hivi hadi chini ya shimo la Molloy, na kuchota tope. Kurudi huku ndiko kunakotuwezesha kutofautisha mwaka mbaya na mabadiliko ya kweli.

Mwanafunzi wa chuo, Dar es Salaam, anauliza: Barafu ikiyeyuka mwanga utaongezeka. Je, si heri kwa wanyama hawa, maana watapata chakula zaidi?

Hoja yako ina msingi, na mwaka 2012 ilipata mfano wa kushangaza. Mwezi wa Septemba mwaka huo barafu ya Aktiki ilipungua hadi kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kupimwa kwa setilaiti. Polarstern ilikuwa huko huko, na kiongozi wa safari alikuwa Antje Boetius. Kamera zilizoteremshwa kwenye sakafu ya mabonde ya kati ziliona mabonge ya mwani uitwao Melosira arctica, ambao kwa kawaida huning'inia chini ya barafu kama nyuzi ndefu. Barafu ilipokonda na kuyeyuka, nyuzi hizo zilikatika na kuzama moja kwa moja. Wastani uliokadiriwa ulikuwa gramu 9 za kaboni kwa mita ya mraba, kiasi kikubwa mno kwa sakafu iliyozoea makombo. Majongoo bahari na jamaa wa kiti cha pweza wenye mikono myembamba walionekana wakila.

Lakini tazama ni nani waliokula. Walikuwa wanyama wakubwa wanaotembea, wanaoweza kulifuata bonge lilipoangukia. Chini ya mabonge yenyewe bakteria waliochemka kwa kazi walimaliza oksijeni ya tope, na mnyama asiyeweza kuhama hapati raha katika tope lisilo na oksijeni. Shibe ya ghafla si sawa na posho ya kila siku, na miili ya meiofauna imepangwa kwa posho.

Pia mwani wa chini ya barafu hauwezi kuzama kila mwaka ikiwa barafu unayoishikilia haipo tena. Na bahari iliyo wazi haioti mwani mwingi kwa sababu ya mwanga tu. Maji matamu ya barafu iliyoyeyuka hukaa juu kama kifuniko na kuzuia rutuba ya chini isipande. Hata aina ya mwani ina uzito wake. Katika Mlango wa Fram, baada ya maji ya joto ya Atlantiki kuingia kwa nguvu kati ya 2005 na 2008, diatomu, ambao ni aina ya mwani mdogo, walipungua na mwani mwepesi wa jamii ya Phaeocystis ukaongezeka. Diatomu wana ganda la silika, dutu ya jamii ya kioo, linalowazamisha upesi. Mwani mwepesi huelea muda mrefu na kuliwa juu. Kwa hiyo juu panaweza kuota zaidi na chini pakafika kidogo zaidi. Ninakushauri, unapoambiwa kwamba bahari ya nchani itastawi, uulize ustawi huo utafika mita ngapi.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, ila sitaki lipite. Mwezi wa Januari 2024 Bunge la Norwe liliidhinisha kufunguliwa kwa sehemu ya sakafu ya bahari yake ya kaskazini kwa utafutaji wa madini, na Desemba mwaka huo huo utoaji wa leseni za kwanza ukasimamishwa. Huku Pasifiki, mtambo wa majaribio ya kuchimba madini ulipita juu ya tope la bahari kuu mwaka 1978 na kuacha njia yenye upana wa mita moja na nusu hivi. Watafiti waliporudi mwaka 2004, yaani baada ya miaka 26, njia ilikuwa bado inaonekana, na nematodi waliokuwamo walikuwa wachache kuliko wa pembeni. Pale Pasifiki nako chakula ni haba. Mahali ambapo sentimita moja ya tope hujengwa kwa miaka elfu, ninaona ni kosa kuanza kulikwangua kabla ya kuwahesabu wakazi wake. Tanzania na Kenya ni wanachama wa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaika, inayosimamia sakafu isiyo ya nchi yoyote. Kwa hiyo katika maamuzi hayo sisi si watazamaji.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kilwa, anauliza: Je, nikitaka kuwaona mimi mwenyewe, lazima niende Ncha ya Kaskazini?

Huna haja. Hao wa Aktiki ni spishi nyingine, lakini ukoo ni ule ule, na baadhi ya jamii zao zipo hata kwenye mteremko wa bahari yetu. Agnes Muthumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichunguza nematodi wa mteremko wa pwani ya Kenya, hadi kina cha takriban mita 2,000, kutokana na tope lililochotwa mwaka 1992 na meli ya Uholanzi, Tyro.

Subiri maji yakupwe vizuri, hasa wakati wa bamvua, uende mahali penye tope laini au mchanga mwembamba. Kwangua kijiko kimoja cha tabaka la juu kabisa, usichimbe. Litie kwenye chupa yenye maji ya bahari, tikisa, kisha hesabu hadi kumi ili mchanga utue. Wanyama ni wepesi na watabaki wakielea. Mimina maji ya juu kupitia kitambaa kilichofumwa kwa karibu, ukiosha kwa maji ya bahari hadi tope jembamba lipite. Kilichobaki kwenye kitambaa kisuuze ndani ya kisahani, uchukue tone moja uliweke chini ya hadubini ya shule kwa ukuzaji wa mara 40. Kopepodi utamjua kwa jinsi anavyoruka ruka. Nematodi utamjua kwa kujipinda kwake: misuli yake yote imelala kwa urefu wa mwili, hivyo hawezi kujivuta na kujinyoosha kama mnyoo wa ardhini, bali hujikunja upande huu na upande ule. Mtazame mpaka umwone kinywa, kisha umwangalie iwapo ana meno.